Daktari karudi Jumatatu

Mama alikuwa akinywa mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, mililita tano kila baada ya saa nne. Nilimpimia kwa bomba la sindano bila sindano yenyewe, kisha nampa uji vijiko viwili kuondoa uchungu mdomoni. Ya saa nne usiku alikunywa dozi mbili kwa mpigo ili afike asubuhi. Sista, muuguzi wa hospitali, ndiye aliyenifundisha. Mama, ambaye wiki tatu nzima alikuwa akitafuna upindo wa kanga ili tusimsikie, akalala.

Ijumaa moja chupa ikabaki na dozi chache tu. Nikapanda Noah ya kwanza kutoka Marangu hadi Moshi, na chupa tupu ya awali na daftari la dozi mkobani. Sista anamjua Mama, huja hadi nyumbani, anajua hata ni mguu upi umevimba. Akalipitia daftari mstari kwa mstari, hakuna dozi isiyo na saa yake. Ila cheti cha mofini haruhusiwi kuandika. Daktari mwenye saini alikuwa kwenye semina Dodoma hadi Jumatatu. Dawa ipo, ndani ya kabati lenye kufuli. Nililiona kabati.

Nikarudi na panadoli. Usiku wa Jumapili siwezi kuuandika.

Naielewa sheria. Mofini inalevya, na mjini Moshi nimeona vijana waliomalizwa na unga. Kufuli ibaki, rejista ibaki, chupa tupu zirudishwe. Lakini Mkataba wa Kimataifa wa Dawa za Kulevya wa mwaka 1961 wenyewe, kwenye utangulizi, unasema dawa hizi hazina budi kutumika kutuliza maumivu, na nchi zihakikishe zinapatikana. Huo nao ni wajibu, sawa na ule wa kufunga kabati. Jirani zetu Uganda walibadili kanuni mwaka 2004, na sasa muuguzi au afisa tabibu aliyesomea tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mateso mgonjwa mahututi, anaandika mofini mwenyewe. Nasi tubadili. Sista wetu kaisomea tiba hiyo. Angeandika Ijumaa ile ile, na mimi ningekuwa nyumbani kabla ya dozi ya saa nane.

Jumatatu asubuhi Sista akanipigia: "Mwanangu, daktari ameshasaini, njoo."

Nilikuwa getini tangu saa kumi na mbili.