Kobe Ambaye Hakuamka: Jinsi Nilivyowaeleza Wanangu Kifo cha Bibi Yao

Mama yangu alipofariki, mwanangu wa kiume alikuwa na umri wa miaka 4 na dada yake miaka 7. Kosa langu la kwanza nililifanya siku ile ile, tena kwa nia njema: nilimwambia mdogo kwamba bibi amelala usingizi mrefu. Usiku uliofuata alikataa kufumba macho, na mimi niliposinzia kando yake alinitikisa bega mara kwa mara ili ahakikishe kwamba bado ninaamka. Zilipita siku tatu kabla sijang'amua kuwa maneno yangu mwenyewe ndiyo yaliyomtia hofu.

Lugha yetu ina staha nyingi mbele ya kifo. Tunasema mtu ametutoka, ametangulia, amepumzika, na mtu mzima huelewa bila kufafanuliwa. Lakini mtoto mdogo hulichukua neno kama lilivyo, na kwake aliyetangulia anaweza kufuatwa, na aliyepumzika atainuka uchovu ukimwisha. Baadaye nilisoma kuhusu mwanasaikolojia Maria Nagy, aliyechapisha mwaka 1948 uchunguzi wake juu ya watoto wa Hungaria wenye umri wa miaka 3 hadi 10, na aliyeona kwamba wale wadogo kabisa walikichukulia kifo kama safari au usingizi. Mwanangu, basi, alikuwa akifikiri kama wenziwe wa umri wake, nami nikamthibitishia kile alichokuwa tayari kukidhani. Niliamua kusema "amekufa", neno ambalo tangu utotoni nilifundishwa kutolitumia kwa mtu ninayemheshimu, na mara ya kwanza lilinikwama kooni.

Hadithi nilizozijua hazikunisaidia. Katika ile ya zimwi lililomeza watu, kidole chake kikikatwa wote hutoka wakiwa hai, na mwanangu, aliyekuwa akisikiliza kwa makini kuliko nilivyodhani, akauliza kwa nini nasi tusimtoe bibi namna hiyo. Nikaona sina budi kutunga yangu.

Nilitunga habari za kobe mzee na njiwa mdogo aliyezoea kumtembelea kila asubuhi. Siku moja njiwa anaita, kobe haitiki. Moyo wake umesimama, hasikii njaa wala baridi wala maumivu, na hatarudi. Nilijiwekea sharti moja tu, kwamba kobe asifufuke, hata nikiombwa kwa machozi. Niliacha pia kile kiitikio cha "hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea", kwa sababu binti yangu alikuwa ameniuliza kama na hii nayo ni uongo. Nilimjibu kwamba kobe na njiwa ni wa kubuni, lakini kufa ni kweli.

Kwa muda wa wiki mbili hivi mdogo alitaka hadithi hiyo hiyo kila usiku, na karibu kila usiku alinikatiza: "Sasa kobe akaamka." Sikumkemea. Nilimwambia kwamba njiwa naye alitamani hivyo sana, kisha nikaendelea pale nilipoishia, kobe akiwa bado amekufa. Kuna ndugu mmoja aliyesema mtoto hana huzuni, maana hulia kidogo kisha hukimbilia vitu vyake vya kuchezea. Mimi nililiingiza jambo hilo katika hadithi, njiwa akilia asubuhi na kucheka mchana na kulia tena jioni, na mwanangu akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyesikia habari zake mwenyewe.

Usiku mmoja aliongeza sehemu ambayo sikuitarajia. Alisema kwamba siku moja kabla ya kobe kufa, njiwa alimwambia, "Sikutaki." Akanyamaza. Ndipo nilipokumbuka kwamba bibi alipokuwa mgonjwa, mwanangu aligoma kumsalimia kwenye simu kwa sababu nilikuwa nimemkatiza mchezo, na kumbe alikuwa amebeba jambo hilo muda wote huo. Nilimjibu kwanza ndani ya hadithi: ndege wakubwa walimzunguka njiwa wakamweleza kwamba neno la hasira haliwezi kusimamisha moyo wa mtu, na kwamba kobe alijua anapendwa. Kisha nikatoka nje ya hadithi na kumwambia waziwazi kwamba bibi alikufa kwa ugonjwa wa moyo, na kwamba hakuna alichosema, alichofanya wala alichowaza kilichouleta. Aliomba sehemu ya ndege wakubwa irudiwe usiku tatu mfululizo.

Dada yake alihitaji hadithi kidogo na majibu zaidi. Alikwisha kuelewa kwamba bibi harudi. Alichotaka kujua ni mimi nitakufa lini. Sikumwahidi kwamba sitakufa. Nilimwambia kwamba ninatarajia kuishi miaka mingi, na nikamtajia watu watakaomlea iwapo lolote litatokea, naye akanitaka niyarudie majina yao taratibu.

Siku hizi hadithi ya kobe haiombwi sana. Wiki iliyopita nilimsikia mdogo akiisimulia peke yake, akiwa amevipanga vitu vyake vya kuchezea mbele yake kama wasikilizaji. Kobe alikufa pale pale anapokufa siku zote, ila gamba lake lilibaki, na njiwa hukaa juu yake kila jioni akilieleza habari za siku nzima. Hilo la gamba sikulitunga mimi.