Bweta la Chai Hutazamwa kwa Ndani

Anayeonyeshwa bweta la chai lililotengenezwa Guangzhou, kusini mwa China, kwa ajili ya wanunuzi wa Ulaya na Marekani, kwa kawaida huanza kusifu dhahabu iliyochorwa juu ya laka nyeusi (utando mgumu unaong'aa): mabustani, vibanda vyenye mapaa yaliyopinda, watu waliovaa majoho, na mizabibu inayozunguka ukingoni. Mimi huanza kwa kuinua kifuniko. Ndani mara nyingi hukaa makopo mawili ya mchanganyiko wa bati na risasi, yaliyonakshiwa kwa ncha kali ya chuma, kila moja likiwa na kifuniko cha pili chenye kishikio kidogo cha mfupa au pembe ya ndovu. Makopo hayo ndiyo yaliyoizuia chai isipate unyevu wala harufu. Sanduku la nje, kwa uzuri wake wote, lilikuwa vazi tu.

Baada ya makopo hutazama kitasa. Katika karne ya 18 chai ilikuwa ghali Uingereza, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya kodi, nayo ilifungiwa huku ufunguo ukikaa kwa mwenye nyumba. Sheria ya mwaka 1784 ilishusha kodi hiyo kutoka wastani wa asilimia 119 hadi asilimia 12.5, lakini ikapandishwa tena wakati wa vita dhidi ya Ufaransa. Mabweta mengi ya Guangzhou yaliyobaki ni ya karne ya 19, na bado yana vitasa. Hata jina la Kiingereza la chombo hiki, caddy, linatokana na neno la Kimalai, kati, ambalo ni kipimo cha uzito wa zaidi kidogo ya gramu 600.

Laka yenyewe inahitaji subira kuielewa. Ni utomvu wa mti, unaowasha ngozi vibaya ukiwa mbichi, na haukauki kama rangi ya kawaida: huwa mgumu kwenye hewa yenye joto na unyevu, na kila tabaka husubiriwa ligande kabla ya kupakwa jingine. Wafanyabiashara wa kigeni hawakuwa na subira hiyo, kwa sababu meli zao zililazimika kuondoka na pepo za msimu. Kwa hiyo laka ya Guangzhou mara nyingi ilikuwa na matabaka machache kuliko kazi bora za Japani, na mbao zinaponywea katika nyumba kavu, nyufa hutokea upesi. Sioni kuwa hilo linaishushia hadhi, ila linamtaka mwenye bweta aliweke mbali na jua, ambalo hufifisha uso wa laka na kuufanya uharibike hata kwa maji, na asithubutu kulifuta kwa kitambaa kibichi wala spiriti.

Kinachonisikitisha zaidi ni mabweta yaliyopoteza makopo yake. Bati hilo ni laini, hubonyea kwa urahisi, na wengi waliliona halina thamani wakalitupa. Kisha sanduku likawekewa mahameli na kuuzwa kama la vito. Ukiinua mahameli hiyo, huenda ukaona mbaoni alama za mahali makopo yalipokaa.