Daktari Anayemjua Mgonjwa Wake

Mamkubwa analima viazi Isongole, kando ya barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu, na ametumia dawa za presha kwa miaka mingi. Daftari lake la matibabu, lile la shule tunalonunua dukani kwa ajili ya hospitali, lina miandiko ya watu wengi kiasi kwamba si rahisi kujua ni nani hasa anayemtibu. Kila mmoja alipima, akakuta presha iko juu, akaongeza dozi au akabadili dawa. Tabibu wa sasa, ambaye amekaa zahanati ile muda wa kutosha kuwafahamu wanakijiji, ndiye aliyemuuliza: "Mama, siku ya soko huwa unaimeza hii?" Alikuwa haimezi, kwa kuwa dawa ile inakojoza na Coaster haisimamishwi njiani kwa ajili ya abiria mmoja. Dozi haikuongezwa, walikubaliana kwamba siku hizo aimeze mchana, akisharudi nyumbani.

Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo kazi ya daktari wa familia, hata kama anayeifanya hana cheo hicho. Barbara Starfield, daktari wa Marekani aliyeitafiti sana huduma ya afya ya msingi, aliitambulisha kwa mambo manne: kuwa mlango wa kwanza wa mgonjwa, kuwa naye kwa muda mrefu, kumhudumia kwa matatizo yake mbalimbali, na kuunganisha matibabu anayopata kwingine. Mimi hulitilia uzito la pili, maana pasipo hilo mengine hulegea.

Wala si jambo geni kwetu Nyanda za Juu Kusini. Mkoani Njombe, ambako utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta kiwango cha VVU kwa watu wazima kikiwa asilimia 12.7, cha juu kuliko mkoa mwingine wowote, kliniki za CTC, yaani za tiba na matunzo kwa wenye VVU, zimezoea kuwa na mgonjwa mmoja kwa miaka: ana kadi, ana faili, ana tarehe ya kurudi, na asipofika hutafutwa. Mgonjwa wa presha asipofika, mara nyingi hakuna anayeuliza. Najua huduma za VVU zimepata fedha nyingi za wafadhili, lakini kumkabidhi mgonjwa hakuhitaji mfadhili. Halmashauri inapomhamisha tabibu, imtake aandike, kwa mwandiko unaosomeka, anawaacha wagonjwa gani wa muda mrefu na nini amekwisha kukijua juu yao.