Siku niliyobishia tochi nikajichoma mwenyewe

Hii ni 2018, nina Probox yangu nabebea dagaa kutoka Mwaloni Kirumba kupeleka Magu, siku hiyo magunia manne nyuma na harufu imeingia mpaka kwenye nywele. Nimeshaipita Kisesa, lami inaanza kufunguka, mara trafiki huyo barabarani, nguo nyeupe pee, mkono juu. Nikapaki pembeni nikamtupia "mwangaluka" nikidhani ni Msukuma mwenzangu, akanijibu "leseni".

Akanigeuzia simu. Picha ya WhatsApp, katumiwa na mwenzake wa tochi, kile kifaa cha kupimia spidi, huko nyuma, imeandikwa 71 kwenye eneo la 50, gari jeupe limepigwa kwa mbele ila namba imefifia husomi kitu. Sasa Probox nyeupe kwa Mwanza si ziko kama kunguru? Nikamwambia afande hiyo sio mimi. "Unabisha? Elfu 30 tu dereva, andikiwa uende." Kusema ukweli ningelipa, ila mwezi huo nilikuwa nishaandikiwa mara mbili na roho ikagoma, nikasema basi nipelekeni mahakamani, akanitazama kama nimemwambia naenda Ukerewe kwa kuogelea.

Nyumbani mke wangu hakunielewa kabisa. "Baba Kulwa, elfu 30 ndo ya kwenda nayo kwa hakimu?"

Siku ya kwanza nikasomewa, kweli si kweli, nikasema si kweli mheshimiwa, nikajidhamini nikaondoka. Ikaahirishwa. Nikarudi, ikaahirishwa tena, na kila nikienda gari imelala na wateja wa Magu wanapiga simu hadi nikawa sipokei. Mpaka hapo hesabu ya elfu 30 ilishapitwa zamani, nikawa naendelea kwa ubishi tu.

Siku ya ushahidi trafiki wangu akapanda kizimbani, akaeleza vizuri tu, hakunionea hata neno. Nikapewa nafasi ya kumuuliza maswali.

"Tochi uliishika wewe?"

"Hapana."

"Na hiyo picha iko wapi?"

"Ile simu iliharibika."

Nikajiona wakili! Nikavuta na shati vizuri. Upande wa mashtaka wakafunga, zamu yangu kujitetea, nikamwaga maelezo yote ya Probox nyeupe na namba isiyosomeka, hakimu anaandika tu kwa mkono taratibu mpaka unasikia kalamu inavyokwaruza karatasi, halafu bila hata kuniangalia akauliza, "Wewe mwenyewe siku hiyo ulikuwa spidi ngapi?"

"Sijui mheshimiwa, mshale wa spidi haufanyi kazi tangu ninunue gari."

Kalamu ikasimama. Nyuma yangu kuna mama alikuja na kesi yake ya matusi, nikasikia anajiziba mdomo na kanga lakini kicheko kinamtoka puani. Mwendesha mashtaka kainama anasoma kitu ambacho nadhani hakikuwepo.

Hukumu ilikuja wiki iliyofuata, fupi, aliyeshika tochi hakuletwa, picha haipo, nimeachiwa huru. Nikatoka nje nimepanua kifua natafuta funguo mfukoni. Trafiki wangu alikuwa ametangulia, kasimama pale kwenye mwarobaini nilikopaki, kaweka viganja pembeni ya macho, anachungulia dashibodi kupitia kioo.