Unalipia Nini Unapokodi Mpiga Picha wa Familia Uingereza

Bei ya mpiga picha nchini Uingereza humshtua mtu aliyekulia Mombasa, na kinachomshtua si ukubwa wake peke yake bali ni namna inavyotajwa kwa mafungu. Kuna ada ya kikao, ambayo hapa Leeds si ajabu kuambiwa ni paundi 100 au 150, na mara nyingi ada hiyo haikupi hata picha moja. Inalipia muda wa fundi na kazi ya kuzitengeneza picha baadaye kwenye kompyuta. Picha zenyewe huuzwa kando, kwa faili au kwa karatasi, na familia ikitaka albamu pamoja na picha moja kubwa ya ukutani, hesabu inaweza kupita paundi 600 kabla mtu hajatambua imefikaje huko. Sisi tulizoea utaratibu mwingine: unaingia studio, unakaa mbele ya pazia lililochorwa minazi au majumba ya ng'ambo, unalipia nakala unazozitaka, na siku ya kurudi unakabidhiwa bahasha yako na mambo yamekwisha.

Utaratibu ule haukuwa duni hata kidogo. Capital Art Studio ilifunguliwa Unguja mwaka 1930, na kule Mombasa studio ya Parekh ilikuwa na jina kubwa miaka ya 1950 na 1960. Waafrika, Waarabu na Wahindi walipita mbele ya kamera ileile, wengine wakiwa wamevaa kanzu na wengine suti. Fundi anayepiga picha za watu wa rangi zote kila siku hulazimika kujua kwamba sura nyeusi haitaki kumwagiwa mwanga mwingi ovyo, inataka kupangiwa mwanga. Ujuzi huo ndio ninaoulipia hapa Uingereza, na kwa maoni yangu ndio jambo la kwanza la kumpimia fundi, kabla ya bei na kabla ya uzuri wa studio yake.

Sababu yake ni ya kiufundi. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui kinatazama nini. Kinachukulia kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa, kinatoa mwangaza wa wastani, sawa na rangi ya kijivu. Ukimsimamisha mtoto mweusi mbele ya ukuta mweupe, au mbele ya mbingu ya mawingu meupe ambayo Leeds inayo karibu mwaka mzima, kamera huona weupe umezidi, ikapunguza mwanga wa picha nzima, na anayelipa gharama ya upungufu huo ni mtoto. Picha ya shule ya kitinda mimba wetu ilipigwa hivyo, mbele ya pazia jeupe na kwa mpango uleule wa taa uliotumika kwa darasa zima. Nilipoituma nyumbani, mama alinipigia simu akaniambia, "Mwanangu, sare nimeiona, pazia nimeliona, mjukuu wangu yuko wapi?"

Tatizo hili lina mizizi mirefu. Kwa miongo kadhaa Kodak, kampuni ya filamu, ilizipelekea maabara za kusafishia picha kadi za kusawazishia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, kadi zilizojulikana kwa jina la Shirley, na sura yake ikawa ndiyo kipimo cha rangi sahihi. Inasimuliwa kwamba miongoni mwa waliochangia kampuni hiyo kuzirekebisha filamu zake ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani, waliolalamika kwamba matangazo yao hayaonyeshi tofauti za rangi ya kahawia. Nyuso zetu hazikuwa na mteja mkubwa wa kuzisemea. Kamera za kidijitali zimeondoa sehemu kubwa ya kasoro hiyo, na mwaka 2021 Google iliitoa simu ya Pixel 6 ikitangaza kwamba imeiboresha mahususi kwa ajili ya ngozi nyeusi. Lakini kamera bora mikononi mwa mtu asiyejua kupanga mwanga hurudisha matokeo ya zamani.

Kwa hiyo unapotazama kazi za fundi, usiridhike na picha moja ya bibi harusi mweusi iliyowekwa juu kabisa ya ukurasa wake. Mwombe akuonyeshe kikao kizima cha familia yenye watu weusi, zikiwemo picha za kawaida ambazo hakuzichagua kwa kujitangaza. Tazama macho kama yana kimetameta cha mwanga, tazama kama nywele zinatengana na giza lililo nyuma yake au zimemezwa nalo, na tazama familia yenye mchanganyiko, baba mweusi sana na mama maji ya kunde, kama sura zote mbili zinasomeka bila mmoja kufifia gizani na mwingine kuungua kwa mwanga. Fundi anayejua kazi humweka mwenye ngozi nyeusi zaidi upande wa taa, hutumia mwanga mpana na laini unaotelezea kwenye shavu, na huongeza taa ndogo nyuma ili kichwa kitoke kwenye pazia. Yule tuliyemchagua niliongea naye kwa simu kabla ya kulipa chochote, nikamuuliza atatupangaje; alianza kwa kuuliza tuna rangi gani kila mmoja, na aliuliza bila kigugumizi, kama fundi cherehani anavyouliza vipimo. Wengine niliowapigia walinijibu kwamba wao hawaangalii rangi. Ni jibu la adabu, lakini kwa mpiga picha ni jibu la kutia wasiwasi.

Mavazi nayo yanataka mazungumzo ya mapema, hasa kwa watu wa pwani. Kanzu nyeupe na buibui jeusi vikisimama bega kwa bega ni mtihani: ukiipimia picha kwa kanzu, buibui linakuwa shimo jeusi lisilo na mkunjo wala tarizi, ukiipimia kwa buibui, kanzu inageuka karatasi tupu. Si lazima kuziacha nguo hizo. Kanzu ya rangi ya maziwa badala ya nyeupe kabisa husaidia sana, na buibui lenye nakshi linaloelekezwa kwenye taa huonyesha uhai wake. Leso hutoka vizuri mno, ila maandishi yake yakikunjwa vibaya familia nzima huko nyumbani itatumia jioni kukisia jina la leso. Sare za nguo zilizofanana kwa kila mtu mimi sizipendi, ingawa najua hapo nitapingwa na kina shangazi wote.

Baada ya kikao huja kazi ya kompyuta, na hapo nashauri mtu aandike kabisa kwenye barua pepe kwamba hataki ngozi ibadilishwe rangi. Programu nyingi za kurekebisha picha, zikiachiwa zifanye zenyewe, hulainisha uso na kuupandisha mwangaza, na matokeo yake ni familia iliyochubuliwa bila kugusa krimu. Kovu la utotoni la mke wangu lipo kwenye paji la uso na tulitaka libaki; chunusi ya wiki ile ya binti yetu ikaondolewa kwa ombi lake mwenyewe, naye alilisisitiza kuliko jambo jingine lolote.

Suala la mkataba ndilo linalowapata wengi wetu bila kutarajia. Kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1988, mwenye hakimiliki ya picha ni aliyeipiga, hata kama wewe ndiwe uliyemkodi na kumlipa. Unachopewa ni ruhusa ya kuitumia kwa masharti yaliyoandikwa. Sheria iliyotangulia, ya mwaka 1956, ilimpa hakimiliki yule aliyeagiza picha, na sheria ya Kenya ya mwaka 2001 bado inachukulia kwamba kazi iliyoagizwa ni ya aliyeiagiza, isipokuwa wenyewe wamekubaliana vingine. Mkenya anayehamia huku anabeba dhana ya nyumbani, anakwenda kuchapisha picha zake dukani, kisha anaambiwa alete barua ya ruhusa kutoka kwa mpiga picha. Hakuna aliyemdhulumu, ni sheria mbili tofauti.

Hata hivyo sheria hiyohiyo ya Uingereza inampa mteja kinga moja ambayo wengi hawaijui. Picha ikiwa imeagizwa kwa matumizi binafsi ya nyumbani, aliyeiagiza ana haki ya kuzuia isitolewe hadharani. Fundi akitaka kuiweka kwenye mitandao yake ili kujitangaza, inambidi apate ridhaa yako, na mara nyingi ridhaa hiyo imefichwa ndani ya fomu kama kisanduku kidogo ambacho mtu hukitia alama akiwa na haraka. Kwa familia ambayo wanawake wake wamepiga picha bila hijabu ndani ya nyumba yao, jambo hili ni zito. Sisi tuliomba fundi awe mwanamke, tukamuuliza pia nani atakayezitengeneza picha baadaye, kwa sababu baadhi ya studio huzituma faili nje, hata nchi nyingine, na yule mwanamke uliyemwamini mbele ya kamera si lazima awe ndiye wa mwisho kuziona.

Kuna pia studio za zawadi. Unajaza karatasi dukani, unapigiwa simu kwamba umeshinda kikao cha bure, mnakwenda na watoto mmependeza, halafu mnakaribishwa kwenye chumba chenye skrini kubwa na sofa ambapo picha zenu huonyeshwa pamoja na muziki wa kulainisha moyo, na bei hutajwa mkiwa bado mnajifuta machozi. Kikao ni bure kweli, ila picha hazina ubure wowote. Mkataba unaofanyika kwa simu au mtandaoni kwa kawaida hukupa siku 14 za kubadili nia, lakini ule unaotiwa saini ndani ya studio yenyewe hauna kinga hiyo kwa jumla, na bidhaa iliyotengenezwa mahususi kwa ajili yako huwa hairudishwi. Ndugu yangu akiniuliza, namwambia aondoke bila kutia saini, alale, na bei aitafakari asubuhi.

Kuhusu wakati, miezi ya Septemba na Oktoba ni mizuri kwa picha za nje, majani ya Roundhay Park, bustani kubwa ya hapa Leeds, yakiwa yanageuka rangi; mwezi wa Desemba jua la Leeds huzama kabla ya saa kumi jioni, na watoto wenye baridi hawatabasamu hata ukiwaahidi nini.

Mwisho wa yote picha lazima ifike nyumbani, na hapo WhatsApp haifai, kwa kuwa huibana picha ikitumwa kwa njia ya kawaida. Picha ya karatasi ya sentimita 20 kwa 30 inataka takriban pikseli (nukta zinazounda picha) 2,400 kwa 3,600 ili isionekane na ukungu. Sisi tuliomba faili kamili, tukamtumia shemeji kwa kiungo cha kupakua, naye akazichapisha Mombasa na kumpa seremala fremu azitengeneze, kwa gharama ndogo kuliko ya kusafirisha kioo kwa ndege. Hilo liliwezekana kwa sababu mkataba wetu uliruhusu kuchapisha popote kwa matumizi ya familia. Mikataba mingine hukutaka uchapishe kwao tu, kwa bei yao, basi ulizia kifungu hicho kabla ya kulipa amana.