Lisikilize linavyozima kabla hujafungua pampu

Msimu wa kulima ukikaribia huku Moshi, simu zinazoingia kwangu hufanana. "Fundi, trekta linazima shambani, pampu imekufa." Ukimuuliza nani kasema pampu imekufa, anakujibu fundi fulani aliyepita. Sishangai. Injekta pampu, ile kubwa inayosukuma dizeli kwenda kwenye nozo, ndiyo yenye hela. Ukiifungua na kuipeleka mjini kwenye mashine ya kupimia, bili inaeleweka. Kuzibua tanki hakuna anayekulipa kwa moyo mkunjufu.

Mimi pampu hiyo naishuku mwisho kabisa. Dizeli inatoka kwenye tanki, inapita koki, inaingia fidi pampu (ile ndogo ya ubavuni mwa injini, yenye kijiti cha kupampu kwa mkono), inakwenda kwenye filta, ndipo inafika pampu kubwa na kugawiwa kwenye nozo, zile zinazopulizia dizeli ndani ya injini. Pampu kubwa haiwezi kugawa kisichoifikia. Massey Ferguson zenye injini ya Perkins, ambazo ndizo nahangaika nazo zaidi, zina njia hiyohiyo, na kila kituo kwenye njia hiyo unaweza kukipima kwa spana mbili na dumu tupu.

Kabla ya spana, nauliza linazimaje. Likikata ghafla kama limezimwa kwa mkono, akili yangu haiendi kwenye uchafu. Naangalia waya wa kuzimia, maana ukikwama nusu njia, mtikisiko wa shamba unamalizia kuuvuta. Kwenye matrekta yanayozimwa kwa swichi kuna solenoidi (kizibo cha dizeli kinachofunguliwa kwa umeme) juu ya pampu, na kiwaya chake kikilegea umeme unakatika na dizeli inafungwa papo hapo. Likipungua nguvu polepole, mlio ukapanda na kushuka, halafu likafa, hapo lina njaa, yaani dizeli haifiki ya kutosha, au linavuta upepo, yaani hewa inaingia kwenye njia ya dizeli. Na moshi nao una neno. Injini yenye njaa haitoi moshi mweusi. Ukiona mweusi, kaangalie filta ya hewa, au mwambie dereva apandishe plau kidogo.

Swali ninalolipenda kuliko yote ni hili: likishazima, likipumzika linawaka?

Mwezi wa pili niliitwa Kahe, Massey Ferguson 290 ya mama mmoja mwalimu mstaafu. Linalima raundi chache vizuri, linaishiwa nguvu, linazima. Dereva anakaa chini ya mgunga, anavuta sigara, anapampu kwa mkono, linawaka na kulima tena kama halijawahi kuugua. Nilipofika dereva alikuwa ameshafungua boneti na spana iko kwenye bomba la pampu kubwa.

"Mangi, usihangaike," akaniambia, "hii pampu tunaichomoa tu."

"Linawaka likipumzika?"

"Linawaka."

"Sasa pampu iliyokufa inafufuka kwa sigara moja?"

Akacheka, ila spana akaiweka chini.

Kwanza mfuniko wa tanki. Dizeli ikitoka lazima hewa iingie mahali pake, na katundu ka hewa kwenye mfuniko kakizibwa na vumbi na grisi, tanki linajifunga ndani kwa ndani mpaka dizeli inagoma kushuka. Ulegeze likiwa linaishiwa nguvu. Ukisikia linavuta pumzi "fyuu" na injini inachangamka, umemaliza kazi. Hili halikufanya hivyo.

Pili, nikachomoa mpira unaoingia fidi pampu, nikauelekeza kwenye dumu, nikafungua koki. Tanki limekaa juu, kwa hiyo dizeli inashuka yenyewe. Hapa watu wengi wanakosa subira. Wanaona imetoka, wanasema njia iko wazi, wanarudisha mpira. Mimi naiacha itiririke dakika kadhaa. Ilianza na unene wa kalamu. Dumu lilipokaribia nusu ikawa nyembamba kama uzi, ikapinda, ikashika ukingo wa mpira, ikabaki matone. Dereva akainama kuangalia, akanyamaza. Nikapuliza mpira kwa mdomo kurudisha juu (ladha ya dizeli nimeshaizoea, usiulize), tukasikia inabubujika ndani ya tanki, na mara ikashuka tena kwa unene uleule wa mwanzo.

Tukamwaga tanki lote. Chini palikuwa na maji kiasi, tope laini la kahawia, na kipande cha mfuko wa nailoni chenye ukubwa wa kiganja. Mifuko ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, lakini huyu alikuwa amepata hifadhi. Injini ikivuta, nailoni inakwenda kuziba tundu la kutokea. Ikizima, mvuto unaisha, nailoni inaachia, njia inafunguka. Ndiyo maana ya lile pumziko chini ya mgunga. Iliingiaje? Waliufunga mdomo wa dumu kwa nailoni badala ya mfuniko, wakamimina bila chujio.

Nikampigia mwenye trekta. "Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Niambie tu, nikakope ya pampu?"

"Usikope, Mwalimu. Nunua filta mpya na kitambaa cha kuchujia."

Kimya kidogo, halafu: "Una uhakika?" Watu wameshazoeshwa kwamba ugonjwa mkubwa lazima uwe na bei kubwa.

Ukishagusa njia ya dizeli, upepo lazima uingie, na hapo ndipo wengi wanazalisha tatizo la pili. Filta za CAV (jina la mtengenezaji), zile za kukaza kwa bolti moja ndefu ya katikati, zinakuja na raba zake. Raba ya zamani hupenda kubaki imeng'ang'ania kwenye kichwa juu, nyeusi juu ya weusi, huioni mpaka upitishe kidole. Ukiweka mpya juu yake, filta haikai sawa: inavuja, au inaruhusu upepo, na trekta linakwenda kuzima palepale lilipokuwa linazima jana. Mimi naipitishia kidole kila mara, hata filta ikiwa nimefunga mwenyewe mwezi uliopita.

Kutoa upepo kuna mpangilio wake. Legeza skrubu ya filta, pampu kwa mkono mpaka mapovu yaishe, kaza. Nenda pampu kubwa, ina skrubu mbili, ya ubavuni na ya juu. Pampu mpaka itoke dizeli tupu, kaza ya ubavuni kwanza. Mwisho legeza nati mbili za mabomba kwenye nozo, piga stata mpaka dizeli iruke, kaza. Mkono weka mbali na hayo mabomba, maana dizeli yenye presha hiyo inapenya ngozi na ni safari ya hospitali. Kijiti cha kupampu kikiwa kilegevu, hakisukumi kitu, usiseme fidi pampu imekufa: injini imesimama mahali kamu (kile kinundu cha ndani ya injini kinachoiendesha) imeshaisukuma. Izungushe kidogo, ujaribu tena.

Upepo ukiendelea kukusumbua na huoni unaingilia wapi, kata mpira unaopitisha mwanga, ufunge kati ya filta na pampu kubwa, uwashe. Mapovu utayaona kwa macho. Kisha sogea nyuma kiungo kwa kiungo.

Fidi pampu nayo ipime: chomoa bomba linalotoka, vuta waya wa kuzimia, piga stata. Inatakiwa iteme kwa mapigo yenye nguvu. Na chomoa stiki ya oili. Oili ikiwa imepanda kuliko ulivyoiacha na inanuka dizeli, diaframu, ile raba ya ndani ya fidi pampu, imechanika na dizeli inashuka ndani ya injini. Hilo usiliwashe tena mpaka umebadili fidi pampu na oili yote.

Sasa, pampu kubwa kweli hufa. Hizi za CAV aina ya DPA hazina oili yake. Dizeli yenyewe ndiyo inayozilainisha. Ukizilisha maji zinashika kutu, ukizilisha dizeli iliyochanganywa mafuta ya taa zinakwanguana, kwa sababu mafuta ya taa hayana ulaini huo. Uchakachuaji ulitutesa mpaka EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti nishati na maji, ikaanza kuweka vinasaba (alama ya siri ya kutambua mafuta yaliyochanganywa) kwenye mafuta mwaka 2010. Vituoni pameimarika, lakini dizeli ya madumu ya njiani haina anayeipima, na matrekta mengi shambani yanakunywa hiyo.

Dalili ya pampu iliyochoka haifanani na ya tanki. Asubuhi linawaka vizuri. Linafanya kazi, linapata moto, unalizima ukanywe chai, likiwa na joto linagoma kuwaka. Stata inazunguka vizuri, upepo hakuna, nozo hazipati kitu. Dizeli ikipata moto inakuwa nyepesi na kupenya pale chuma kilipolika. Chukua tambara, lilowanishe maji, lifunike juu ya pampu injini ikiwa imezima, subiri ipoe, piga stata. Likiwaka hapo, mwite mwenye trekta umweleze habari ya hela.

Na kabla hujachomoa, hakikisha alama ya pampu na alama ya injini, zile za kukuonyesha pampu ilivyokaa, zinaonekana. Kama zimefutika, kwangua zako kwa patasi, na piga picha kwa simu. Skrubu yenye lakiri usiiguse, hiyo ni ya mwenye mashine ya kupimia. Mabomba yazibe midomo kwa kitambaa safi. Nailoni hapana.