Siku yangu moja Industrial Area, Nairobi: gari la gesi, LPG au CNG?

Saa kumi na mbili asubuhi

Matatu kutoka Donholm inanishusha Hamza, kisha nashika Likoni Road kwa miguu. Malori hayajaanza kusukumana, lakini nje ya kituo cha ukaguzi wa magari cha NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, magari yameshajipanga. Mimi ni fundi wa gesi ya magari. Tunachukua gari la petroli, tunalifungia mtambo wa gesi, na dereva anabaki na uwezo wa kutumia vyote viwili. Karibu kila anayeingia langoni kwetu huja na swali hilohilo, LPG (gesi ya kimiminika, ile ya kupikia) au CNG (gesi asilia iliyogandamizwa), na wengi hulianzia kwenye bei. Mimi hulianzia kwingine: utajazia wapi?

Saa moja

Kabla ya taa kuwashwa, milango yote miwili inafunguliwa na tunasubiri kidogo. Pua ndiyo kipimo cha kwanza. Gesi yenyewe haina harufu. Ule uvundo mkali hutiwa makusudi ili uvujaji ujulikane mapema. LPG ni mchanganyiko wa propani na butani, nayo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hulala chini: kwenye shimo la fundi, kwenye mtaro, kwenye maegesho ya chini ya jengo. CNG ni methani, nyepesi kuliko hewa, na ikipata upenyo hupanda juu na kutawanyika. Kwa sababu hiyo hatufungi LPG gari likiwa juu ya shimo, hata mteja akiwa na haraka namna gani.

Vijana wawili ninaofanya nao kazi hawahitaji kukumbushwa. Mmoja anaishi Embakasi, na usiku wa tarehe 1 Februari 2024, lori lililobeba gesi lilipolipuka kule, aliuona moto ule kwa macho yake. Tangu siku hiyo sijamsikia akilalamika kwamba kupima uvujaji kunachukua muda.

Saa mbili

Gari la kwanza ni Vitz ya dereva wa teksi za simu. Ameshaamua LPG, na kwa kazi yake ameamua vizuri: anazunguka mjini, jioni analala Pipeline, na anapajua pa kujazia katika njia zake za kila siku.

Tunaanza nyuma. Tanki ni lile bapa la mviringo linalokaa mahali pa tairi la spea, la lita 40. Kwenye chuma chake kumegongwa alama ya R67, kiwango cha kimataifa cha vifaa vya LPG, na kabla ya kulifungua kwenye nailoni naangalia alama hiyo na tarehe ya kutengenezwa. Juu yake inakaa vali ya tanki, kifaa ninachokiheshimu kuliko vyote. Ndani yake mna boya linalofunga gesi tanki likifika asilimia 80, kwa sababu LPG hukaa kama kimiminika na jua la mchana huitanua. Mna vali inayokata mkondo paipu ikikatika ghafla, nyingine inayopumua shinikizo likizidi, na swichi ya umeme inayofunga kila injini inapozimwa.

Mbele tunafunga reduza, inayogeuza kimiminika kuwa mvuke. Kazi hiyo hula joto, kwa hiyo tunaiunganisha na maji ya rejeta. Gari likiwa na rejeta inayovuja, reduza huganda na injini hukohoa njiani. Ndiyo maana tunakagua maji kwanza, gesi baadaye.

Dereva ananiuliza, "Fundi, nitaokoa nusu ya mafuta?" Namwambia afanye hesabu mwenyewe. Lita moja ya LPG ina nguvu ndogo kuliko lita ya petroli. Gari linalokunywa lita 8 za petroli kwa kilomita 100 litakunywa takriban lita 10 za LPG. Achukue bei ya lita ya LPG, aizidishe kwa 1.25, ndipo ailinganishe na petroli. Kinachobaki ndicho akiba yake kwa kila lita ya petroli. Agawe gharama ya mtambo kwa akiba hiyo apate idadi ya lita, aizidishe kwa kilomita anazokwenda kwa lita moja ya petroli, atajua baada ya kilomita ngapi ataanza kula faida. Dereva wa teksi hufika huko haraka. Mtu anayeendesha gari kwenda kanisani Jumapili anaweza asifike kamwe, na huyo namwambia waziwazi aweke pesa zake kwingine.

Saa nne

Anaingia mfanyabiashara wa vitenge mwenye Fielder. Binamu yake yuko Dar es Salaam, gari lake linatumia CNG, na kila wakiongea kwa simu habari ni ileile: anajaza kwa pesa kidogo, anazunguka.

"Dada, mimi nataka CNG kama ya Dar. Hiyo LPG yenu ni ya kupikia."

Namvutia kiti, kwa sababu jambo hili linahitaji muda. Binamu yake hasemi uongo. Tanzania ina gesi asilia yake yenyewe: ya Songo Songo iligunduliwa 1974 na kuanza kutumika 2004, ya Mnazi Bay iko Mtwara, na tangu 2015 kuna bomba kubwa kutoka Mtwara hadi Dar. Gesi inatoka ardhini mwao, inafika mjini kwa bomba, inagandamizwa kituoni na kuingia kwenye gari. Sisi Nairobi hatuna bomba hilo. Mei 2021 Kenya na Tanzania zilitia saini makubaliano ya kujenga bomba la gesi kutoka Dar hadi Mombasa, lakini makubaliano hayajazi tanki. LPG yetu nyingi inakuja kwa meli hadi Mombasa, ndiyo maana bei yake inafuata soko la dunia na dola.

"Sasa si nifunge tu, nitajazia nikienda Dar?"

Namtoa nje, namwonyesha buti lake. Robota za vitenge zimelijaza hadi kiooni. Namwambia CNG hukaa kama hewa iliyobanwa kwa bar 200, wakati matairi ya Fielder yake yana bar 2 na kidogo. Kulibeba shinikizo hilo kunahitaji mtungi mnene wa chuma. Mtungi wa kawaida wa lita 60 una uzito wa mtu mzima, unakaa buti, na unabeba kilo 10 hivi za gesi. Kilo moja ya CNG hufanya kazi ya takriban lita moja na nusu ya petroli, kwa hiyo mtungi wote ule ni sawa na lita 15. Akitoka Dar na mtungi uliojaa, utakwisha kabla hajaona Arusha, na mzigo wake nusu utakuwa umebaki dukani.

LPG hubanwa kwa bar chache tu, chini ya 10 kwa kawaida, na kwa shinikizo hilo dogo inageuka kimiminika. Tanki bapa la lita 50 hupokea lita 40, ambazo ni sawa na lita 32 za petroli, tena chini ya zulia la buti, robota zikibaki juu. Ukizipima kwa kilo, gesi hizi mbili hazipishani sana nguvu. Zinapishana kwa nafasi, kwa uzito wa chombo na kwa mahali pa kujazia. Watu wengi hulinganisha bei ya kilo ya CNG na bei ya lita ya LPG, na hapo hesabu yote inaharibika, kwa maana kilo moja ya LPG ni karibu lita 1.85.

Siwezi kuidharau CNG. Inawaka safi zaidi, hutoa hewa ya ukaa kidogo kuliko LPG, na ikivuja hewani haikusanyiki miguuni pa watu. Kama karakana yangu ingekuwa Ubungo, Dar, ningemfungia asubuhi hii hii. Namwambia hivyo. Anakaa kimya, anaomba muda wa kufikiri, na anaondoka bila kulipa kitu. Ni sawa.

Saa saba

Chapati na maharagwe kwenye kibanda cha mama aliye nyuma ya ukuta wetu. Mazungumzo ni bei ya mafuta, kama kawaida. Kila tarehe 14 EPRA, mamlaka ya nishati, hutangaza bei mpya za petroli, dizeli na mafuta ya taa, na watu bado wanaikumbuka Septemba 2023 petroli ilipovuka shilingi 200 Nairobi kwa mara ya kwanza na kufika 211.64. Mwezi ule simu yetu haikupumzika. LPG haimo kwenye tangazo hilo la kila mwezi. Kila muuzaji ana bei yake, na serikali nayo huigusa kwa ushuru. Julai 2021 VAT ya asilimia 16 ilirudishwa kwenye LPG, mwaka uliofuata ikashushwa hadi 8, na 2023 ikaondolewa. Kwa hiyo nikimpigia mteja hesabu, namwomba aipige mara mbili: kwa bei ya leo, na kwa bei iliyopanda. Kama ya pili bado inamfaa, tunaendelea.

Saa nane

Mzee mmoja kutoka Rongai anaegesha Noah nje ya lango. Nafungua mlango wa nyuma na mwili unanisisimka. Nyuma ya kiti cha mwisho amesimamisha mtungi wa jikoni wa kilo 13, umefungwa kwa kamba ya katani, na mpira wa jiko unapita chini ya zulia hadi kwenye injini. Nje ya mtungi, kutoka katikati kwenda chini, kuna utando mweupe wa barafu.

"Binti, gari linakosa nguvu kwenye mlima. Nirekebishie tu."

Nafunga vali ya mtungi kwanza, tunafungua madirisha yote, na vijana wanalisukuma gari kwa mikono hadi mahali pa wazi. Kisha ndipo naongea. Mtungi wa jikoni hutoa mvuke, hautoi kimiminika. Injini inavuta mvuke mwingi kuliko mtungi unavyoweza kuuchemsha, mtungi unapoa hadi kuganda, shinikizo linashuka, na gari linakosa nguvu. Hilo ndilo tatizo lake dogo. Kubwa ni kwamba mtungi ule hauna kitu cha kukata gesi mpira ukichomoka, hauna swichi ya kufunga injini ikizimika kwenye ajali, na wajukuu wake wanakaa sentimita chache mbele yake.

"Mzee, sitaugusa mfumo huu ila kuutoa. Na kuutoa sitakutoza."

Ananitazama kwa muda. Anauliza mfumo halali ni pesa ngapi, namwandikia kwenye karatasi. Mtungi unarudi Rongai kwa pikapu ya wazi, umesimama wima, na Noah inarudi kwa petroli. Karatasi ameikunja na kuitia mfukoni mwa koti.

Saa tisa

Simu: mwenye Mazda Demio yenye injini ya Skyactiv anataka LPG leo. Namwambia asije leo. Injini ile hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na nozo zake hupozwa na petroli hiyohiyo. Mtambo wa kawaida utaziunguza. Kuna mitambo ya injini za aina hiyo, ni ghali, na bado huendelea kutumia petroli kiasi.

Saa kumi

Vitz iko tayari kujaribiwa. Napaka povu la sabuni kwenye kila kiungo kwa brashi ndogo na kukaa nalitazama. Kwenye nati ya pili karibu na reduza, kapovu kamoja kadogo kanavimba, kanapasuka, kanavimba tena. Robo ya mzunguko wa spana, napaka upya, povu linatulia.

Tunaliwasha. Linaanza kwa petroli, kama yafanyavyo yote. Reduza ikifika nyuzi 40 kunasikika mlio mdogo, taa ya swichi inageuka kijani, na injini haibadilishi sauti. Naangalia kwenye kompyuta kama vipimo vya gesi na vya petroli vinakaribiana kwenye mwendo wa chini na wa juu, kisha tunaenda kujaza. Pampu inasimama yenyewe kwenye lita 32. Namwonyesha dereva namba hiyo: tanki ni la 40, na akiona siku moja imepita 32 kwa mbali, asijipongeze, arudi kwangu.

Maagizo mengine nampa njiani. Asiache petroli iishe, maana pampu yake hupozwa na petroli. Arudi baada ya kilomita 1,000 tukague viungo. Tapeti, yaani nafasi kwenye vali za injini, zipimwe mapema kuliko kitabu cha gari kinavyosema, kwa kuwa gesi huwaka kikavu na vikalio vya vali huchakaa, na plagi zisingoje kufa. Aiarifu kampuni yake ya bima, na taarifa za mafuta kwenye logbuku zibadilishwe. Bima inayogundua tanki baada ya ajali haina huruma.

Saa kumi na mbili na nusu jioni

Nikiwa nafunga kabati la vifaa, yule wa vitenge anapiga simu. Amemuuliza binamu yake maswali aliyokuwa hajawahi kumuuliza: anajazia wapi, anapanga foleni muda gani, mtungi wake umechukua nafasi kiasi gani. Ameamua LPG, tanki bapa, na Ijumaa ataleta amana. Namwambia alete gari kesho, kabla ya pesa. Asubuhi wakati anarudi nyuma kutoka langoni niliona tone la kijani chini ya rejeta yake, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza.